Joto tunalolitupa, na nyaya zisizoonekana kwa jicho

Kaskazi ikishapamba moto, kati ya Disemba na Machi, kuna swali lisilokosa barazani. Watu wamekaa nje kwa sababu ndani hakukaliki. Stima imepotea, feni zimenyamaza. Hapo mmoja huuliza: jamani, joto lote hili, hakuna msomi hata mmoja wa kuligeuza likawa stima? Wenziwe hucheka, na mazungumzo yakarudi kwenye siasa.

Swali hilo si la kuchekwa. Limewashughulisha watu wenye vichwa vizito kwa miaka mia mbili. Na jibu lake ni ndiyo: joto linaweza kugeuka stima moja kwa moja, bila mvuke, bila kelele, bila kitu chochote kinachozunguka. Ila joto la Februari la Mombasa silo linalofaa kazi hiyo, na lile linalofaa tunalitupa kila siku jikoni, baharini na barabarani. Leo nataka tuliangalie jambo hili kwa utulivu, pamoja na habari ya nyaya nyembamba mno zilizotiwa sana matumaini tangu mwaka 2008. Wako wanaouza matumaini hayo kwa bei ya juu, na ni vyema mtu ajue anauziwa nini.

Tuanze na joto lenyewe. Maji yaliyotulia hayasukumi kitu. Sharti pawe na juu na chini, yateremke, ndipo yafanye kazi njiani. Wavuvi wanalijua hili vizuri: mlango wa bahari una mkondo mkali pale maji yanapojaa au kupwa, na maji yakishalingana pande zote mbili mkondo hufa. Joto nalo ni vivyo hivyo. Linafanya kazi linapotoka mahali pa moto kwenda mahali pa baridi. Kukiwa na moto kote, hata uwe mkali vipi, hakuna kinachoteremka.

Chukua hewa ya mchana yenye digrii 35 na maji ya bahari yenye digrii 28. Tofauti ni digrii saba tu. Kanuni za fizikia zinasema hata mashine isiyo na kasoro yoyote haiwezi kupata zaidi ya sehemu 2 hivi katika kila sehemu 100 za joto linalopita hapo. Vifaa tulivyonavyo vingepata chini ya nusu ya sehemu moja. Kwa hivyo yule wa barazani asubiri. Jua letu lina njia yake nyingine ya kutupa stima, nayo ni paneli za sola, ambazo zinatumia mwanga wala si joto. Kwa kweli paneli ikipata moto sana hufanya kazi vibaya zaidi.

Sasa tazama kule tofauti iliko kubwa. Jiko la makaa lina mamia ya digrii, na hatua moja pembeni pana hewa ya digrii 30. Tanuri la mikate ni hivyo hivyo. Ekzosi ya matatu ni hivyo hivyo. Injini ya gari, kwa makadirio ya kawaida, hugeuza kama theluthi moja tu ya mafuta kuwa mwendo. Theluthi mbili zilizobaki hutoka kupitia rejeta na ekzosi kama joto. Mtu ananunua lita tatu za petroli, lita mbili anapashia hewa ya barabarani. Boti ya mashine nayo inatupa joto hilo hilo, tena imezungukwa na bahari iliyo tayari kuwa upande wa baridi.

Namna ya kulikamata joto hilo iligunduliwa Berlin mwaka 1821. Mtaalamu aitwaye Thomas Johann Seebeck aliunganisha vipande vya metali mbili tofauti vikafanya duara, akapasha moto kiungo kimoja na kukiacha kingine baridi. Sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Yeye alidhani ni sumaku inayotokana na joto. Baadaye ikafahamika kwamba ni mkondo wa umeme uliokuwa ukipita katika duara lile, na umeme ukipita huzaa sumaku. Sababu ni kwamba chembe za umeme, yaani elektroni, zikipashwa moto upande mmoja huchangamka na kusukumana kuelekea upande wa baridi. Zikisukumana hivyo, upande mmoja unabaki na upungufu na mwingine unapata ziada, na hapo umeme upo.

Mwaka 1834 Mfaransa Jean Peltier akaonyesha kinyume chake: ukipitisha umeme katika kiungo kama hicho, upande mmoja hupoa. Zile friji ndogo za kuchomeka kwenye gari, zisizokuwa na kompresa, hufanya kazi kwa njia hiyo. Kifaa ni kile kile. Ukikipa umeme kinakupa baridi, ukikipa joto upande mmoja na baridi upande wa pili kinakupa umeme.

Haya hayakubakia maabara. Katika miaka ya 1950 Wasovieti walitengeneza kifaa cha kuvikwa juu ya taa ya mafuta ya taa. Kilikuwa na mapezi ya chuma yaliyotawanyika pande zote kama maua, na joto la chemni lilitosha kuendesha redio ya nyumbani. Mwanafizikia Abram Ioffe ndiye aliyesukuma sana elimu hiyo kule. Hebu fikiria nyumba ya mbali isiyo na waya wa stima, taa moja inawapa mwanga na taarifa ya habari kwa pamoja. Najiuliza mara nyingi kwa nini kitu kama kile hakikufika visiwani kwetu enzi zile za kandili na redio za betri.

Na kuna Voyager, vyombo viwili ambavyo Wamarekani walivirusha angani mwaka 1977. Vimekwenda mbali mno na jua hata paneli za sola zisingefaa kitu. Kila kimoja kinabeba plutoniamu inayotoa joto lenyewe, na viungo vya silikoni na germaniamu vinaligeuza joto hilo kuwa umeme. Vilipoondoka kila kimoja kilikuwa na kama wati 470. Zaidi ya miaka 45 baadaye vilikuwa bado vinatuma ishara duniani. Hakuna jenereta ya dizeli yenye umri huo bila kufunguliwa na fundi.

Basi kama ni kizuri hivyo, mbona hatukioni kila mahali? Jibu limo katika hesabu ya Voyager hiyo hiyo. Ili kupata wati 470 za umeme, plutoniamu ile hutoa takriban wati 7,000 za joto. Yaani sehemu 6 au 7 katika 100 ndizo zinazogeuka, zilizobaki zinapotea. Angani hilo linavumilika kwa sababu hakuna njia nyingine. Dukani halivumiliki.

Kasoro hiyo inatokana na ukaidi wa maumbile. Kifaa kizuri cha aina hii kinataka kipitishe umeme kwa urahisi, ili mkondo usipotee njiani. Wakati huo huo kinataka kizuie joto, ili upande wa moto ubaki moto na wa baridi ubaki baridi. Joto likivuka haraka, pande mbili zinalingana, na mkondo hufa kama ule wa mlango wa bahari. Lakini vitu vingi vinavyopitisha umeme hupitisha joto pia. Shika kijiko cha chuma ndani ya uji unaochemka utaona. Na vile vinavyozuia joto, kama mti au kioo, huzuia umeme pia. Unatafuta kitu kilicho chuma kwa umeme na kioo kwa joto, na kitu hicho hakichimbwi popote.

Wataalamu wana kipimo kimoja cha kuonyesha ubora wa kitu kwa kazi hii. Hukiita ZT. Kadiri namba inavyopanda ndivyo kitu kinavyofaa zaidi. Silikoni ya kawaida katika joto la chumbani ina kama 0.01, yaani haifai. Tangu miaka ya 1950 bingwa amekuwa bismathi teluraidi, ambayo ina kama 1. Kwa namba hiyo, ukiwa na upande wa moto wa digrii 300 na wa baridi wa digrii 30, kwa hesabu ya karatasi unaweza kupata sehemu kama 10 katika 100, na kwa vitendo mara nyingi kama nusu yake. Ili kitu hiki kishindane na mashine za mvuke za kawaida, ZT inatakiwa ifike 3 au zaidi. Kwa karibu miaka 40 namba ile ilikwama pale pale kwenye 1. Isitoshe, teluriamu inayotumika humo ni adimu mno ardhini.

Aliyelitikisa jambo hili ni mwanamke. Mildred Dresselhaus alizaliwa mwaka 1930, akalelewa mtaa wa Bronx kule New York katika familia ya wahamiaji waliokuwa na hali ngumu, akaja kuwa profesa mwenye heshima kubwa katika chuo cha MIT mpaka alipofariki mwaka 2017. Mwaka 1993, yeye na mwanafunzi wake Lyndon Hicks waliandika hesabu zilizosema hivi: msitafute kitu kipya, kifanyeni kile kile kiwe chembamba. Ukikikata kikawa utando mwembamba mno, au waya mwembamba mno, elektroni zitabanwa zisiwe na nafasi ya kwenda ovyo, na tabia ya kitu hicho itabadilika. Walipokuwa wakisema mwembamba walimaanisha nanomita chache. Milimita moja ina nanomita milioni moja.

Ilichukua miaka 15 kabla ya jambo kubwa kutokea, na lilipotokea lilitokea mara mbili kwa wakati mmoja. Januari 2008 jarida la Nature lilichapisha tafiti mbili pamoja, moja ya kundi la Peidong Yang na Arun Majumdar wa Berkeley, nyingine ya kundi la James Heath wa Caltech. Wote walitumia silikoni, ile ile isiyofaa. Silikoni imejaa duniani. Baada ya oksijeni, hakuna elementi iliyo nyingi zaidi katika gamba la ardhi, na mchanga wa ufukweni una silikoni ndani yake. Kundi la Berkeley lilikuwa na nyaya zenye upana wa kama nanomita 50. Ukizipanga bega kwa bega, zaidi ya 1,500 zitaenea upana wa unywele mmoja. Joto lililopita katika nyaya hizo lilipungua karibu mara 100, ilhali umeme uliendelea kupita karibu kama kawaida. ZT ikapanda kutoka 0.01 hadi 0.6. Wale wa Caltech, wenye nyaya nyembamba zaidi za nanomita 10 na 20, walifika karibu 1, ingawa ni katika baridi ya kama digrii 70 chini ya sufuri.

Kilichotokea humo ndani kinaeleweka vizuri kwa mtu aliyewahi kutembea Mji wa Kale au vichochoro vya Lamu. Mtoto akitumwa dukani hupita mbio kichochoroni bila kugusa ukuta. Sasa mlete punda aliyebebeshwa boriti ndefu za mikoko. Kona zinamkwaza, baraza zilizojitokeza zinamkwaza, boriti zinagonga huku na huku, na pengine inabidi arudishwe alikotoka. Katika silikoni joto hubebwa na mitetemo ya chembe, ambayo ina mwendo mrefu: hupiga hatua ya mamia ya nanomita kabla ya kugonga kitu. Elektroni katika silikoni iliyotayarishwa kwa kazi hii hatua yake ni ya nanomita chache tu. Ukifanya njia iwe na upana wa nanomita 50, elektroni ndiye mtoto, mtetemo wa joto ndiye punda.

Ufundi wa Berkeley ulikuwa ni kuziacha kuta zile zikiwa na mikwaruzo. Nyaya laini zilizuia joto kiasi, lakini zile za kuparuza zilizuia zaidi sana. Tena hazikutengenezwa moja moja kwa mashine ya mamilioni. Walitumbukiza bapa la silikoni katika mchanganyiko wenye nitrati ya fedha na asidi ya hidrofloriki, na asidi ikachimba mpaka ukabaki msitu wa nyaya zilizosimama wima. (Asidi hiyo ni hatari mno, hupenya ngozi mpaka mfupani. Asidanganyike kijana yeyote kuijaribu nyumbani.)

Wapenda sayansi walifurahi, na haki yao. Jambo ambalo Dresselhaus alilidokeza kwa kalamu lilikuwa limepatikana kwa mkono, japo kwa njia tofauti kidogo na aliyoitilia mkazo. Yeye alitazamia zaidi faida itoke kwa elektroni zilizobanwa. Faida ya silikoni ilitoka kwa joto lililozuiwa. Magazeti yakaandika kwamba karibuni magari yatajichaji kwa moshi wao wenyewe.

Mwaka 2009 ikaanzishwa kampuni kule California, Alphabet Energy, kwa lengo la kuupeleka ugunduzi wa Berkeley sokoni. Njiani iliachana na nyaya za nano ikageukia madini ya tetrahedraiti, ambayo ni rahisi kupatikana. Mwaka 2014 ikatoa mashine kubwa ya kufungwa kwenye ekzosi ya jenereta: jenereta ya kilowati 1,000 ingekupa kilowati 25 zaidi bila mafuta ya ziada. Kampuni hiyo haipo tena.

Ugumu ulikuwa wapi? Tafiti zile zilipima waya mmoja mmoja. Kutengeneza kifaa kunataka mamilioni ya nyaya zifanye kazi pamoja, zote ziwe zimeshikana na metali juu na chini bila pengo. Kila kiungo kibovu kinakula umeme. Halafu nyaya zile ni fupi mno, na ni kazi kubwa kuweka digrii 200 za tofauti katika urefu usiofikia unene wa karatasi ngumu. Kitu chembamba kikikaa motoni miaka mingi nacho huchakaa, mikwaruzo yake husawazika, na nguvu yake hupungua. Sisi tuliosomea umeme kwa diploma tulifundishwa mapema kwamba matatizo mengi ya mitambo yako kwenye viungo, si kwenye waya. Hapa ni hivyo hivyo, isipokuwa viungo vyenyewe havionekani.

Na kwa joto kubwa la mahali pamoja, mvuke bado unashinda. Hatuna haja ya kwenda mbali kuona mfano. Kituo cha umeme cha Rabai, chenye megawati 90, kina injini za mafuta mazito, na moshi wake wa moto hautupwi wote: unachemsha maji, na mvuke unazungusha mashine nyingine ya kuzalisha umeme. Huko kifaa kisichozunguka hakina nafasi kwa sasa. Mwenye boti naye, akifanya hesabu ya haki, ataona paneli ya sola juu ya kivuli cha boti yake inampa stima nyingi kwa pesa kidogo kuliko kuizungushia ekzosi vipande vya bismathi na mabomba ya maji ya chumvi, ambayo kutu itayamaliza.

Mahali ambapo mimi naona faida ya kweli kwetu ni padogo, na hapazungumzwi sana: jikoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 duniani. Wengi wanaouvuta ni kina mama na watoto wanaokaa karibu na kuni na makaa. Jiko la kuni hutoa moshi mwingi kwa sababu hewa haifiki vya kutosha kwenye moto. Ukiweka feni ndogo ya kupuliza hewa, kuni huungua vizuri zaidi, moshi hupungua, na kuni zinazotumika ni chache. Feni hiyo inataka wati moja au mbili tu. Kipande cha bismathi teluraidi chenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, kikifungwa ubavuni mwa jiko, kinazitoa bila shida, na zinazobaki zinachaji simu. Majiko ya namna hii yapo na yameuzwa hata humu nchini. Kinachoyakwaza ni bei. Kama siku moja silikoni itachukua nafasi ya teluriamu kwa bei ya silikoni, jiko lile litashuka likafika mikononi mwa mama anayepika kwa magome ya minazi, na hapo ndipo utafiti wa Berkeley utakuwa umemgusa mtu wa Msambweni au Faza.

Mpaka hapo, ukiletewa kifaa cha kuzalisha stima kwa joto, usiulize kinastahimili moto kiasi gani. Muulize muuzaji upande wa baridi unapozwa na nini, na kwa muda gani. Wengi hapo hukosa la kusema. Kipande kilichobandikwa kwenye ekzosi bila mapezi wala maji huzalisha kwa dakika chache, kisha chote kinapata moto na kazi inakwisha.

Walimu wa fizikia wanaweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa gharama ndogo. Tafuteni kipande cha Peltier kutoka kwa friji ndogo ya gari iliyoharibika, mafundi wa simu na redio wanakijua. Kiwekeni juu ya bilauri ya chuma yenye barafu, kisha juu yake wekeni sufuria ndogo ya maji yaliyotoka kuchemka. Unganisheni nyaya zake mbili na taa ndogo nyekundu ya LED. Isipowaka, geuzeni nyaya. Ikishawaka, msiondoe sufuria. Angalieni barafu inavyoyeyuka, na taa inavyofifia wakati maji ya juu bado ni ya moto.